Ice Cube: mwenye kalamu asiuze wino wake

Wengi wanamkumbuka Ice Cube kwa hasira ya nyimbo zake. Lakini kilichomdumisha ni kujua thamani ya kazi yake.

O'Shea Jackson alizaliwa mwaka wa 1969 mjini Los Angeles, Marekani. Kundi lake N.W.A lilitoa albamu Straight Outta Compton, iliyoeneza rap ya kigangsta. Maneno mengi ya nyimbo yaliandikwa naye. Hata hivyo, aliona halipwi sawasawa, akalihama kundi mwishoni mwa 1989.

Wengi walioacha kundi maarufu walipotea. Yeye alitoa albamu yake 1990, na 1991 akaigiza katika Boyz n the Hood ya John Singleton. Kisha hakungoja kuitwa tena. Aliandika pamoja na DJ Pooh filamu Friday ya 1995: iligharimu dola karibu milioni 3.5, ikaingiza zaidi ya milioni 27. Mwaka wa 1998 aliongoza mwenyewe The Players Club. Mwaka wa 2015 alikuwa kati ya watayarishaji wa filamu juu ya N.W.A, na mtoto wake ndiye aliyeigiza kama yeye.

Nyimbo zake kadhaa zililaumiwa kwa kudharau wanawake, na lawama hiyo ni ya haki. Vijana wasiige matusi yale. Waige jambo moja: kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na kuondoka pale jasho lao linapomnufaisha mwingine.