Anayefunzwa Nyumbani Asifungiwe Nyumbani

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Aghalabu methali hii hutolewa kama onyo, kana kwamba mama ni mwalimu mpole na ulimwengu ni mwalimu mkali wa kuogopwa. Hata hivyo, wapo wazazi humu nchini walioamua kuwafunza wana wao nyumbani badala ya kuwapeleka shuleni. Kwa wazazi hao, nasema kwamba walimu hao wawili hawana budi kushirikiana.

Najua kwamba elimu ya nyumbani ina utata. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto wake shuleni, na mvutano kuhusu jambo hili umewahi kufikishwa mahakamani. Sikusudii kuwa hakimu hapa. Hoja yangu ni kwamba maadamu watoto hao wapo, inafaa tuulize wanafunzwa vipi, na wapi.

Sote tuliionja elimu ya nyumbani shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Mijini, sebule iligeuka darasa: meza, kitabu, simu ya mzazi na mlango uliofungwa. Wakati ule kulikuwa na sababu ya kujifungia. La kusikitisha ni kwamba baadhi ya wazazi wanaofunza nyumbani wangali wanaishi hivyo. Mtoto akiondolewa katika kuta nne za darasa ili atiwe katika kuta nne za sebule, amefaidi nini?

Faida kubwa ya mtoto huyu ni wakati. Hana kengele ya kumkatiza, wala hana wenzake arobaini wa kungojea. Mzazi wa Mombasa au Lamu na ampeleke ufuoni kila siku kwa majuma mawili. Mtoto atagundua mwenyewe kwamba maji hayajai saa ile ile, bali huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kila siku, na kwamba bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Hapo atakuwa amesoma hisabati, sayansi na lugha kwa mkupuo mmoja. Mzazi wa Nairobi naye achomeke kijiti uani wakati wa adhuhuri. Mwezi Juni kivuli chake huelekea kusini, na Desemba huelekea kaskazini. Mtoto aliyekipima kivuli hicho kwa mikono yake hatahitaji kukariri habari za mwendo wa jua.

Si akili tu inayonufaika. Katika utafiti wa shule 12 za msingi mjini Guangzhou, Uchina, uliochapishwa mwaka 2015, baadhi ya watoto waliongezewa dakika 40 za shughuli za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, takriban asilimia 30 ya watoto hao walikuwa wamepata tatizo la kutoona vitu vya mbali. Miongoni mwa wenzao ambao hawakuongezewa, walikuwa takriban asilimia 40.

Tena, mtu hulinda anachokijua. Marehemu Profesa Wangari Maathai, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobeli mwaka 2004, alikumbuka jinsi alivyocheza kijitoni utotoni, akidhani mayai ya vyura ni shanga, na akasikitika kwamba kijito hicho kilikuwa kimekauka. Mtoto asiyewahi kukiona kijito atajuaje kwamba kimekauka?

Msomaji wa mjini ataniuliza: nje ni wapi? Barabara zimejaa magari, na viwanja vingi vya watoto vimenyakuliwa. Ni kweli, na viongozi wetu wanapaswa kuulizwa vilikwenda wapi. Lakini tusingoje jibu lao ndipo tuanze. Wazazi wawili au watatu wanaweza kupokezana kuwatoa watoto, leo bustanini, kesho sokoni wakajumlishe bei za nyanya na vitunguu. Hata nusu saa uani ni bora kuliko siku nzima mbele ya runinga.

Walimu wenzangu wa shuleni nao wasidhani kwamba haya hayawahusu. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi atende, si kusikiliza tu, na mti ulio nje ya darasa hauhitaji idhini ya wizara ili uchunguzwe.

Basi mama amfunze mwana, na ulimwengu umfunze, wote wawili kwa pamoja, angali mdogo na mkono wake ungali mkononi mwa mzazi. Akingojea kufunzwa na ulimwengu atakapokuwa peke yake, huenda akaupata ule ukali ambao wahenga walituonya.