Nauli ya usaili ambayo mtoto hakuiomba

Mzazi mwenzangu, msimu wa pamba uliopita nilikwenda nyumbani Ipililo, wilayani Maswa, kumsalimu kaka yangu. Nikakuta baba na mwana wanakula chungu kimoja lakini hawaongei.

Mwanawe ana miaka 29. Alimaliza shahada ya ualimu miaka mitano iliyopita, na ng'ombe wanne walitoka zizini ili asome. Ajira haijapatikana. Msimu huo alikuwa karani wa mizani kwenye AMCOS: anapima pamba ya wakulima, anaandika kilo na kukata risiti.

Jioni moja tukiwa kwenye ugali na mgagani, kaka akasema, "Mimi nilipeleka mwalimu chuoni, nikarudishiwa mpima pamba." Kijana akanawa mikono, akatoka. Hakurudi kulala.

Kesho yake nilimfuata mizanini. Tukakaa chini ya mti, akaniambia, "Shangazi, mwaka jana niliitwa kwenye usaili Dodoma. Sikwenda. Sikuwa na nauli, na sikuweza kumwomba baba. Ningesikia tena habari za ng'ombe."

Maneno hayo yaliniuma. Sisi wazazi tunauza ng'ombe wanne kumsomesha mtoto, halafu maneno yetu yanamkosesha nauli ya siku moja.

Tuanze na ukweli kuhusu ajira. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba zaidi ya watu 135,000. Hiyo ni kama watu 85 kwa kila nafasi moja. Mtoto akikosa hapo si lazima awe mvivu, wala hajarogwa. Kwa mlango mwembamba namna hiyo, itabidi abishe hodi mara nyingi, na anayebisha hodi mara nyingi anahitaji mtu wa kumtia moyo nyumbani.

Pili, saidia kwenye karatasi. Maombi mengi ya serikali siku hizi hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira kwenye intaneti, na namba ya NIDA inahitajika. Siku ya usaili wanataka vyeti halisi, kikiwemo cha kuzaliwa. Kaa na mwanao mlinganishe majina. Kama NIDA inasema hivi na cheti cha kidato cha nne kinasema vile, mwoneni wakili mapema kwa hati ya kurekebisha majina. Msisubiri mpaka aitwe.

Tatu, wekeni akiba ya usaili. Wito unaweza kuja zikiwa zimebaki siku chache tu. Kila mkiuza pamba, mahindi au kuku, kiasi kidogo kiende pembeni kwa ajili ya nauli, malazi na bando. Mtoto ajue ipo, na ajue haombi msamaha akiitaka.

Nne, usimpe mtu fedha eti "akusaidie kumwingiza mtoto". Kuomba kazi serikalini hakulipiwi. Anayedai "ya chai" ni tapeli au mla rushwa, na kwa vyovyote fedha zako zimekwenda.

Tano, heshimu kazi anayoifanya sasa. Yule kijana anatunza hesabu za watu wengi bila kupotea kilo, na anazungumza na mkulima mwenye hasira mpaka anaelewa. Nilimwambia ayaandike kwenye CV yake, maana alikuwa ameyaficha kana kwamba ni aibu. Na kama siku moja ataamua kubaki kwenye biashara ya mazao, hatakuwa ameitupa shahada. Akiwa na wenzake kwenye kikundi kilichosajiliwa, wanaweza kuomba mkopo wa halmashauri usio na riba. Katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, asilimia nne ni ya vijana.

Kuna wazazi wanaosema umri umekwenda. Matangazo mengi ya ajira serikalini huweka ukomo wa miaka 45. Mwenye miaka 29 bado ana muda.

Nilirudi kwa kaka nikamweleza habari ya Dodoma. Alinyamaza muda mrefu, akichokonoa ardhi kwa fimbo yake. Wanaume wa kwetu hawaombi radhi kirahisi, na sikumlazimisha.

Usiku kijana alirudi. Tulikula kimya. Baba mtu alipomaliza, alinawa, akauliza bila kumtazama mtu:

"Hivi nauli ya Dodoma siku hizi ni shilingi ngapi?"

Kijana akamtajia. Wakaanza kuongea.

Mzazi mwenzangu, kama una mtoto anayesaka kazi, muulize leo swali kama hilo. Tukutane wiki ijayo.