UCHAMBUZI: Habari za afya mtandaoni zipangwe kwa majina tunayoyajua

MZAZI ambaye mwanawe ana homa na vipele hana muda wa kupekua kurasa mia moja za intaneti. Akiandika neno ‘ukambi’, anapaswa kupata maelezo ya wataalamu hata kama waliyaandika kwa jina la ‘surua’. Ugonjwa ni ule ule, ila Wakenya huuita ukambi nao Watanzania huuita surua. Hata hivyo, mtambo unaofuata herufi pekee huyahesabu kuwa maradhi mawili tofauti.

Tatizo hili si geni. Mnamo 1879, daktari wa jeshi la Marekani, John Shaw Billings, alianzisha Index Medicus, fahirisi ya makala za tiba. Mnamo 1960, Maktaba ya Taifa ya Tiba ya nchi hiyo ilitoa orodha ya istilahi iitwayo MeSH. Humo, kila ugonjwa una jina moja rasmi, na majina yake mengine huelekezwa kwa hilo. Hivyo, anayetumia jina la mtaani na anayetumia jina la kitabibu hufikia makala zile zile. Tangu 1997, umma umekuwa ukiifikia hazina hiyo bila malipo kupitia PubMed, ambayo sasa ina rekodi zaidi ya milioni 35.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya hazina hiyo ni ya Kiingereza, na walengwa wake ni watafiti. Wazungumzaji wa Kihispania, Kireno na Kifaransa walitafsiriwa orodha hiyo. Kiswahili nacho kinastahili heshima hiyo.

Wapo watakaodai kwamba kompyuta za kisasa zinaweza kubuni zenyewe maneno yanayokaribiana. Ni kweli kwamba tangu 2022 kazi ya kuainisha makala katika maktaba hiyo hufanywa na kompyuta. Lakini kompyuta hizo hutegemea orodha iliyotungwa na binadamu, na wataalamu hukagua kazi yake. Pasipo orodha, ushauri wa daktari na porojo za muuza dawa za mitishamba huanikwa kwenye kamba moja.

Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hiyo haina maana iwapo habari zenyewe hazionekani.

Wizara ya Afya haina budi kushirikiana na vyuo vikuu na wakutubi kuandaa orodha itakayounganisha presha na shinikizo la damu, kansa na saratani, taifodi na homa ya matumbo. Aidha, kila ukurasa uonyeshe mwandishi wake na tarehe ulipokaguliwa mwisho. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika afya, kinachopotea ni uhai.