Santuri kuukuu za Kasongo na Kabambare zikusanywe kabla hazijapotea

Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa binadamu, na wakaaji wengi wa nchi walishangilia. Lakini urithi hauhifadhiwi kwa shangwe. Rumba ya kwanza iliingia majumbani kwa santuri, na huko Kasongo na Kabambare hakuna anayehesabu zilizobaki.

Historia yake inajulikana. Mwaka 1948, Mgiriki Nicolas Jéronimidis alifungua nyumba ya Ngoma mjini Léopoldville, na mwaka huohuo Wendo Kolosoy akarekodi Marie-Louise pamoja na mpiga gitaa Henri Bowane. Baadaye zikaja Opika, Loningisa na Esengo. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, leo Likasi, akiimba kwa Kiswahili. Santuri nzito za mizunguko 78 zilivunjika kama sahani. Ndogo za mizunguko 45 zilijikunja kwa jua na kukwaruzwa na sindano butu.

Wengine watasema: nyimbo zote ziko kwenye simu. Si zote. Franco na Kabasele wapo, ndiyo. Upande wa pili wa diski na bendi zilizorekodi mara moja tu, hizo ni vigumu kuzipata. Wapenzi wa muziki wa Jamaika walishaelewa jambo hili. Huko Uingereza na Japani wanatafuta diski ndogo za Kingston za miaka ya 1960 hata zikiwa zimechakaa, kwa sababu zilitolewa chache na kanda za asili za baadhi yake zilipotea. Nyimbo kadhaa zimetolewa upya kutoka kwenye diski kuukuu tu. Mkwaruzo haufuti wimbo.

Kusini mwa Maniema hatari ni kubwa zaidi. Uasi wa 1964 ulipita hapo, vita vya 1996 na 1998 pia, na Kabambare bado inajua kukimbia. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na godoro. Diski hubaki nyuma.

Kazi inayotakiwa haihitaji mamilioni. Redio za jamii zitangaze. Parokia, misikiti na shule ziwaulize wazee. Kila diski ipigwe picha pande zote mbili, jina la mwimbaji na namba yake ziandikwe, isafishwe, kisha inakiliwe kwa kinanda chenye sindano nzuri. Paneli moja ya jua inatosha kukiendesha. Mwenye diski arudishiwe mali yake pamoja na nakala.

Mnunuzi akitokea, mwenye mali ana haki ya kuuza, njaa haingoji. Ila nakala itangulie, na bei ijulikane. Idara ya utamaduni ya jimbo, huko Kindu, ndiyo inayopaswa kuanza, tena sasa, wakati wazee wanaoweza kutaja majina ya waimbaji bado wako hai.