Anayetaka boti ya umeme aanze na umbo

Kila mwenye boti ya watalii hapa Lamu akinikuta ufukweni siku hizi swali lake ni moja: "Fundi, nikitoa mashine ya petroli nikaweka ya umeme, nitahitaji farasi ngapi?" Kazi yangu ni mashine za boti, na swali hilo huniudhi. Mtu hajaniambia boti yake ina urefu gani, huenda wapi, wala kwa mwendo gani, lakini farasi tayari anataka wahesabiwe.

Mwenye hoteli mmoja hakuuliza hata hilo. Alichukua boti yake ya faiba, ile pana yenye tako bapa iliyoundwa ipae juu ya maji, akang'oa mashine ya farasi 40 na kufunga mota ya umeme iliyoletwa kwa meli. Ikiwa na mwendo wa polepole, boti ya namna hiyo huburuta tezi yake na kuacha wimbi kubwa nyuma. Ikitaka kupaa, inameza umeme vibaya sana. Betri zilikata kabla ya kufika Kipungani, wageni wakavutwa kwa kamba na mashua ya wavuvi. Jioni baraza zima likaamua kwamba umeme haufai baharini.

Umeme haukuwa na kosa. Tazama hesabu yenyewe. Dumu la petroli la lita 25, ambalo kijana hulibeba kwa mkono mmoja, likipita ndani ya mashine hutoa kazi ya kama kilowati-saa 40, na hapo sehemu kubwa ya nguvu yake imeshapotea kwa joto na moshi. Betri za lithiamu za kutoa kazi hiyo hiyo zina uzito wa kilo 300 na zaidi. Basi anayejaribu kushindana na petroli kwa mbio ameshashindwa kabla ya kung'oa nanga. Lakini maji yana kanuni nyingine inayomfaa mtu asiye na haraka: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika huongezeka kama mara nane. Chombo chembamba chenye urefu wa mita 9 majini hukata kilomita 9 kwa saa kwa kilowati 2 au 3 tu. Ukikilazimisha kifike 13 au 14, kinaanza kupanda wimbi lake chenyewe, na hapo utamwaga umeme bure.

Hili si jambo geni. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, boti 55 za umeme zilibeba watu zaidi ya milioni moja, zikitumia betri za risasi ambazo leo tungezicheka. Ziliweza kwa sababu zilikuwa ndefu, nyembamba, na hazikuwa na mbio. Karibu nasi zaidi, huko Kerala, India, kivuko cha sola kiitwacho Aditya kimekuwa kikibeba abiria 75 kwa safari tangu Januari 2017. Waliokibuni walianza na umbo: matumbo mawili membamba yaliyounganishwa juu kwa sitaha moja. Mota zilifuata baadaye.

Sasa sisi tunaagiza nini kutoka nje, na umbo tunalolitaka liko Matondoni linapigwa misumari? Mashua ya Lamu ina omo kali, mkuku mrefu na ubavu usiopinga maji. Tena ina jambo ambalo wabunifu wa Ulaya hulitafuta kwa shida: inahitaji uzito chini. Kila nahodha hapa hubeba magunia ya mchanga kuwa farumi, na upepo ukizidi mabaharia huyahamisha upande wa juu. Toa sehemu ya mchanga huo, weka betri za kilowati-saa 15 juu ya mataruma, katikati, karibu na mkuku. Zina uzito wa kilo 130 hivi. Zifungwe barabara, maana farumi ya mchanga ikihama ni kazi, ya betri ikihama ni hatari. Kwa mwendo wa matembezi zitakupa saa tano bila kuzikausha.

Juu, weka chandalua cha sola mahali pa turubai. Hapa tuko digrii mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zikilazwa bapa zinakula jua vizuri, jambo ambalo Mzungu kwao hawezi. Mita za mraba 8 zinaweza kurudisha karibu nusu ya betri kwa siku yenye jua. Ila chandalua kiwe chepesi na cha chini. Kusi likivuma mwezi wa Julai, paa gumu la juu huwa tanga usiloweza kulikunja. Na tanga la kweli usilitoe: betri zikikuishia njiani, ndilo litakalokurudisha.

Rafadha iwe kubwa, izunguke polepole. Mota ya umeme ina nguvu tangu mzunguko wa kwanza, haihitaji kupiga kelele ndipo isukume. Rafadha iwekwe nyuma ya mkuku ili mchanga usiifikie, kwa sababu kwenye mikoko ya kuelekea Takwa maji hupwa upesi kuliko mgeni anavyopiga picha.

Kisha nyaya, na hapa ndipo mafundi wenzangu hunichosha. Waya wa nyumbani baharini haudumu. Ukiukata baada ya msimu mmoja utaona shaba imegeuka nyeusi, unga wa kijani umetambaa ndani ya plastiki hadi mbali na kiungo. Waya usiopakwa bati mimi sifungi. Napenda pia volti 48 kuliko mamia ya volti, kwa kuwa kijana atakayefungua kifuniko mikono ikiwa na maji ya chumvi simjui.

Kuna boti ambayo siigusi kwa umeme leo, hata nikilipwa vizuri. Ni ile inayomtoa mama mjamzito Pate usiku kumpeleka hospitali mjini Lamu. Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, haupitiki maji yakiwa yametoka, hivyo nahodha hulazimika kuzunguka nje ya Manda kwenye mawimbi, na dakika zake zinahesabika. Huyo apewe petroli, tena apewe na dumu la akiba.