Ya Kutolea Ailipe Nani?

Hivi karibuni tulikuwa Olmotonyi, penye Chuo cha Misitu, katika miteremko ya Mlima Meru, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Namanga. Tulifika kwa shughuli nyingine kabisa. Mvua ilipotubana tukaingia katika kibanda cha mama lishe mmoja, tukala loshoro, chakula cha Waarusha cha mahindi na maziwa ya mgando, ambacho mtu wa visiwani hukishangaa mara ya kwanza na kukiulizia mara ya pili. Ukutani, juu ya ndoo ya kunawia, palikuwa na vibandiko vitatu vya kampuni za simu, kila kimoja na lipa namba yake na kile kimraba cha madoa meusi na meupe ambacho mteja hukipiga picha kwa simu yake ili alipe, kiitwacho QR.

Tulipotoa simu tulipe, mama yule alitukatiza kwa adabu. "Baba, kama una taslimu nipe taslimu. Ukilipa kwa simu, basi niwekee na ya kutolea."

Neno hilo, "ya kutolea", halihitaji tafsiri kwa msomaji wa Unguja wala wa Pemba. Lasikika Darajani kama linavyosikika Ngaramtoni. Maana yake ni kwamba fedha iliyoingia katika simu haijawa fedha mpaka itolewe kwa wakala, na mlangoni kwa wakala kuna makato. Sahani ya shilingi 2,500 haina nafasi ya makato. Mwenye kibanda akiyabeba yeye, amekula faida yake; akimtwika mlaji, mlaji kesho atakuja na noti.

Tulimuuliza kwa nini basi aitoe. Si angeiacha humo ndani, akanunulia vitu vyake kwa simu hiyohiyo? Mama akacheka. Muuza mkaa hataki simu. Mwenye nyanya sokoni hataki simu. Mtoza ushuru huja na mashine ya kutolea risiti, na risiti anatoa, lakini ushuru wenyewe autaka mkononi. Kwa hiyo fedha huingia kwa mlango wa kisasa na kutoka kwa mlango wa zamani, na gharama ya kuvuka baina ya milango hiyo miwili huilipa mtu mwenye mtaji mdogo kuliko wote waliohusika.

Hilo ndilo jambo tunalotaka viongozi wetu, wa Bara na wa Visiwani, walitazame. Yapo maofisa ambao kila wakisikia neno "uchumi wa kidijitali" hukimbilia kwa mama lishe kumhimiza abandike kibandiko, kana kwamba yeye ndiye anayechelewesha taifa. Twaona wameanzia mkiani. Wangeanza na muuza jumla wa unga na mchele, na muuza mkaa, na halmashauri zenyewe katika ushuru wao, mama lishe angefuata bila ya kuhubiriwa, maana fedha iliyomo katika simu yake ingekuwa na mahali pa kwenda.

Hatusemi hivi kwa kuupinga utaratibu wenyewe. Msimbo huu uliundwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, na leo ndio unaomlipa muuza mboga wa China na muuza chai wa India. Kwa mwenye kibanda una manufaa ya kweli. Humwondolea shida ya chenji, ambayo kila asubuhi huwagombanisha watu wenye akili zao. Humpunguzia hofu ya kutembea na mauzo ya siku usiku. Na zaidi ya yote, humwandikia hesabu.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tulifundishwa kuwa aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu jambo hilihili: watu wakikopeshana waandikiane, mwandishi aandike kwa uadilifu, na wala mwandishi asidhuriwe kwa kazi yake. Simu imekuwa mwandishi wa zama zetu. Mama lishe mwenye kumbukumbu ya mauzo ya miezi sita anaweza kusimama mbele ya benki akaeleweka, ambapo mwenzake mwenye daftari lililolowa mchuzi hurudishwa. Lakini mwandishi huyu wa leo hadhuriki hata kidogo. Ujira wake huukata mwenyewe, mapema, na anayedhurika ni yule anayeandikiwa.

Kuhusu wingi wa vibandiko ukutani, tuliyaona ya Olmotonyi kwa mshangao kwa sababu dawa yake imekwisha patikana. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kiwango cha msimbo mmoja wa taifa, TANQR, mwaka 2022, na upo mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaoziunganisha benki na kampuni za simu. Kibandiko kimoja chatosha. Kama bado mama mmoja ana vitatu, basi ni kwa kuwa kila kampuni yapenda rangi yake ionekane.

Sasa tuitazame kodi. Kwa Sheria ya Fedha ya mwaka 2025, upande wa Bara umempunguzia mlaji anayelipa kwa njia ya kielektroniki kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 18 hadi 16. Ni hatua ya busara. Lakini kodi hiyo hutozwa na mfanyabiashara aliyesajiliwa, na kiwango cha mauzo cha kulazimika kusajiliwa kilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Mama lishe hayumo. Matokeo yake ni kwamba anayekula katika hoteli kubwa mjini Arusha akilipa kwa simu hupunguziwa, na kibarua anayekula kibandani Olmotonyi akilipa kwa simu huongezewa ya kutolea. Hatuamini kuwa waliotunga sheria walikusudia hivyo, tena katika mji ambao jina lake limebebwa na Azimio la mwaka 1967. Zanzibar, ambayo ina sheria yake ya kodi hii, ina nafasi ya kujifunza kabla ya kuiga.

India iliamua jambo hili mapema. Tangu Januari 2020, mfanyabiashara anayepokea malipo kwa mfumo wao wa UPI hakatwi ada. Pia vibanda vyao vingi vina kisanduku kidogo kinachotamka kwa sauti kiasi kilichoingia, na hivyo muuzaji aliyeshika mwiko hana haja ya kusoma ujumbe wa simu ya mteja. Wale wanaojua jinsi vijana waongo wanavyoonyesha ujumbe wa kughushi saa ya msongamano wa chakula cha mchana wataona thamani ya kisanduku hicho.

Wala noti isifukuzwe. China yenyewe, iliyotangulia wote, ililazimika mwaka 2018 kutoa agizo kupitia benki yake kuu kwamba mfanyabiashara asikatae fedha taslimu. Nasi wa Unguja hatuhitaji kuelezwa sana. Tuliishi bila ya umeme kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya nyingine za chini ya bahari, za EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku kama hizo mtu hula kwa noti au hulala na njaa.

Tunachokitaka si kikubwa. Kwa kuwa sarafu na mabenki ni mambo ya Muungano, Benki Kuu iweke kiwango cha malipo madogo ya chakula ambayo mpokeaji hatakatwa kitu, si wakati wa kupokea wala wakati wa kuitoa fedha hiyo kwa wakala siku hiyohiyo. Halmashauri na manispaa, za Bara na za Visiwani, zipokee ushuru wa soko kwa msimbo huohuo mmoja. Wakala naye alipwe haki yake, ila na kampuni, ambazo zimepata wateja kwa mgongo wa vibanda hivi.

Mama yule tulimlipa kwa simu, pamoja na ya kutolea. Bajeti zijazo, ya Muungano na ya Zanzibar, zitasomwa kabla ya Julai.