Kinanda cha Lokandu na gharama za mpaka

Kwaya zetu za Lokandu zikitaka kinanda kutoka Kampala, wengi husema: tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi ushuru umekwisha. Sivyo, ndugu. Nafuu hiyo hufuata mahali kitu kilipotengenezwa, si mahali kiliponunuliwa. Ngoma iliyochongwa Uganda, ikiwa na cheti cha uasili, inaweza kuiomba. Kinanda cha Japani au China hakiwezi. Kanisa lina njia nyingine: sheria 004/2001 ya mashirika yasiyo ya faida inaruhusu kuomba msamaha wa kodi. Tuombe kabla mzigo haujafika Kasindi. Ukishakwama pale, ghala na wakala hulipwa, na bado safari ya Lualaba iko mbele.